Mektilda na Mbwa wa Zizini

Siku hizi unaweza kupita njia ya kisimani pale Mwabusolo, kusini mwa mji wa Bariadi, ukaufuata uzio wa minyaa tangu mwanzo wake hadi mwisho, na asitokee mtu wa kukuuliza umeamkaje. Uzio upo. Njia ipo. Wanawake wanapita na ndoo zao kichwani, na wakifika penye uwazi wa lango hupunguza mwendo kidogo, wengine bila kujijua, kama mtu anayesubiri kuitwa. Haitwi mtu. Wanaendelea.

Kwa miaka mingi hapo palikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya Mektilda, nzito kidogo kwa mwanamke, iliyotoka nyuma ya minyaa kabla jua halijapanda. "Mwangaluka, Elizabeti. Mwangaluka, baba Joakim. Na huyo nyuma yako ni nani, mbona anajificha? Mwangaluka nawe." Wapo watu wazima pale kitongojini leo ambao walipokuwa watoto walikatazwa kuitikia salamu hiyo ya asubuhi ya Kisukuma. Walipita wameuma midomo, na sauti ikawafuata hadi kisimani. Mektilda aliwasalimia hivyo msimu mzima wa kilimo, kila mtu kwa jina lake, bila kuitikiwa na hata mmoja, na hakuwahi kuipunguza sauti.

Alikuwa mjane wa Machibya, mkulima wa pamba kama wakulima wengine wa huko. Mtoto wao mmoja aliyebaki hai, Klementina, alikuwa ameolewa Malampaka. Machibya alipokufa alimwachia mkewe nyumba ya matofali mabichi yenye bati juu, shamba la bondeni lenye udongo mweusi, na mbuzi wachache. Alimwachia pia shemeji. Huyo ni Ngassa, mdogo wake Machibya, mtu wa maneno laini na kofia ya pama ambayo kuivua ilikuwa kazi hata kanisani.

Enzi za ushirika, pamba ya nyumba ile ilikwenda mizani kwa jina la Machibya. Machibya alipokufa, jina likawa la Ngassa. Mektilda alilima, alipalilia, alichuma, akakaa juu ya turubai kutenga pamba safi na fifi, ile chafu, mpaka vidole vikachubuka. Halafu Ngassa alikuja na mkokoteni, akaipeleka chama cha msingi, akarudi kumwambia wamepata nini. Mektilda alisikiliza, akashukuru, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Kisha biashara ya pamba ikafunguliwa. Magari ya wanunuzi binafsi yakaja na mizani zao, yakasimama barabarani popote palipo na kivuli, na vijana wa kwenye mizani hawakuuliza nani ni mwanachama wala nani ni kichwa cha nyumba. Waliuliza pamba iko wapi. Msimu wa pili wa mambo hayo, Mektilda alifunga pamba yake katika mashuka, akaibeba mzigo baada ya mzigo hadi barabarani, akaiuza kwa mkono wake. Jioni alinunua mbuzi jike wawili na koleo jipya, akarudi nyumbani akiimba.

Kosa lake lilikuwa hilo. Ngassa hakugomba naye. Alikwenda kwa wazee na kofia yake, akasema kwa upole kwamba shemeji yake ameudharau ukoo. Mwanamke, alisema, hakai peke yake kama mti wa porini. Ahamie kwake awe mkewe, nyumba ile ibomolewe, matofali na bati vikasaidie kwingine, na bonde lirudi kwa wenyewe. Kikao kikaitwa. Mektilda alisimama akiwa amejifunga khanga mbili, akatazama watu aliowapikia harusi na kuwazikia watoto.

"Mimi niliolewa na Machibya," alisema. "Sasa nauliza. Ngassa ananitaka mimi au analitaka bonde? Kama analitaka bonde, aende akalioe."

Watu walicheka, hata wazee. Kicheko hicho ndicho kilichomponza, kwa maana Ngassa angeweza kusamehe pamba, lakini si kuchekwa. Kabla ya jua kuzama, Mayala, mtemi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa pale, alitamka hukumu. Mektilda atengwe mpaka atakapokwenda mwenyewe kupiga magoti kwa shemeji yake. Asisalimiwe wala asisemeshwe na mtu ila shemeji yake. Asipewe moto. Akiugua asiuguzwe. Na akipiga mwano, asiende mtu.

Neno la mwisho ndilo zito. Mwano ni yowe la hatari, na Msukuma akilisikia huacha chakula mdomoni, huchukua upinde na kukimbia linakotokea, hata kama ni kwa adui yake. Kumwambia mtu kwamba mwano wake hautaitikiwa ni kumwambia kwamba anaishi porini.

Haikupita muda mrefu kabla hajaujua uzito huo. Jioni moja, anga ya magharibi ikiwa bado nyekundu, alirudi shambani akakuta miti ya zizi nyuma ya nyumba imeng'olewa na mbuzi mmoja hayupo. Alisikia mbuzi akilia mbali, upande wa korongo. Akapiga mwano. Aliupiga kama alivyofundishwa na bibi yake, mrefu, wa kupanda. Kutoka kila upande alisikia mazungumzo yakikatika. Alisikia mtu akiweka kijiko kwenye sahani. Kisha mazungumzo yakaendelea.

Alikaa juu ya jiwe la kusagia. Hakulia. Alijiambia kwamba kama watu hawaitikii, atatafuta kiumbe kitakachoitikia.

Shida ni kwamba hakuwahi kufuga mbwa maishani mwake. Baba yake alikuwa katekista, na kumbukumbu yake kubwa ya mbwa ilikuwa ni baba akiwafukuza mlangoni mwa kanisa kwa fimbo. Machibya naye alikuwa hawapendi. Kwa Mektilda, mbwa alikuwa mbwa, kama jiwe lilivyo jiwe. Hakujua kwamba kuna wa aina hii na wa aina ile.

Aliyemfungua macho ni Elizabeti, jirani wa upande wa kushoto, ambaye kwa kuogopa hukumu alikuwa akizungumza na kuku wake. Alisimama karibu na uzio, akamrushia kuku mtama, akasema kwa sauti, "Kuku wee, ukitaka usingizi tafuta mbwa. Usiokote wa mnadani, yule rafiki yake ni kila mwenye mfupa. Nenda pale kwenye kinu kipya cha pamba, wana mbwa kama ndama. Mlinzi anaitwa Mahona, hana makuu."

"Kuku," alisema Mektilda kutoka ng'ambo ya minyaa, "mwambie mwenyewe nimesikia."

"Kuku, usinijibu," alisema Elizabeti. "Tutatengwa wote."

Kinu chenyewe kilikuwa cha tajiri mmoja wa Mwanza, na mbwa wake alikuwa amelala chini ya trela, ulimi nje, akihema kama mtu aliyekimbia toka Nyashimo. Alikuwa mkubwa kweli. Masikio yamesimama, manyoya mazito shingoni, mgongo mweusi. Mahona, mzee mwembamba mwenye koti la khaki, alisimama kando yake na ndoo ya maji.

"Huyu ni mbwa wa polisi, mayu," alisema Mahona, akimwita mama kwa Kisukuma. "Asili yao Ulaya. Hili jua letu linamuua. Kutwa nammwagia maji."

Januarius, karani wa kinu, alimkumbuka Mektilda kutoka siku za mizani. Akatoka ofisini na kalamu sikioni. "Mama, unataka mbwa? Bosi ana jike Mwanza limezaa. Nikikuombea mmoja, pale kwenu watakuheshimu. Watasema huyu si mama wa mchezo."

"Anakula nini?"

"Nyama," alisema Mahona. "Na uji wa maziwa asubuhi."

"Wewe asubuhi hii umekula nini?"

"Michembe ya viazi, mayu."

"Kwa maziwa?"

Mahona alicheka mpaka akaweka ndoo chini. "Kwa maji ya kisima. Na mwezi uliopita daktari alitoka Mwanza kuja kumdunga sindano. Mimi nina jino linaniuma tangu Pasaka."

Mektilda alimtazama mbwa, naye akamtazama kwa macho yenye akili na huzuni. Aliuliza, "Na mimi nikienda shamba?"

"Hapo ndipo penye kazi," alisema Mahona. "Huyu anataka mtu wake. Nikiondoka hali, analia, anakwangua mlango. Lazima awe na bwana wa kumtazama usoni kutwa."

"Bwana nilikuwa naye. Alikuwa mtu mwema na nilimpikia mpaka siku ya mwisho. Sasa nitoke bondeni jua likiwa utosini, nikute mwingine ananinunia kwa sababu nimechelewa?"

"Lakini mama," alisema Januarius, "mwizi akimwona tu anakimbia."

"Na mgeni?"

"Mgeni naye anakimbia."

Mektilda alitikisa kichwa. "Leo watu hawaniamkii kwa sababu wamekatazwa. Nikimfuga huyu, watakuwa na sababu yao wenyewe. Hiyo siwapi."

Akaaga. Lakini hakurudi mikono mitupu, kwa sababu alipita kwa mwindaji mmoja wa upande wa hifadhi aliyekuwa akigawa mbwa wake kabla hajahamia kwa wanawe. Alimpa dume jekundu, jembamba, mbavu zinahesabika, mwenye kula chochote hata maganda. Mektilda aliona amepata. Huyu hataki nyama wala daktari, na hamtazami mtu usoni.

Kweli hakumtazama mtu usoni. Alitazama njia. Alikuwa mbwa wa miguu, na kila aliyepita na fimbo begani alimfuata akidhani ni safari ya porini. Alipotea, akarudi, akapotea tena. Siku aliyorudi na kuku mdomoni, kuku huyo alikuwa wa mke mkubwa wa Ngassa. Mayala mwenyewe alikuja kusimama nje ya lango, na kwa kuwa hakuruhusiwa kusema na Mektilda kwa amri yake mwenyewe, aliihutubia minyaa.

"Minyaa," alisema, "mbwa wa humu ameua kuku. Kuku alipwe."

"Minyaa," alisema Mektilda kutoka ndani, "mwambieni Mayala kuku atalipwa kesho, na mbuzi wangu aliyeibwa nami napiga mwano atalipwa lini?"

Mayala akageuka akaenda zake. Mektilda alilipa tetea mmoja, akamfunga yule mbwa kamba, akamrudisha kwa mwenyewe kwa miguu, na njiani watoto wa vijiji vya jirani walimwita mama mwindaji.

Alipopita tena kinuni kununua mashudu ya mbuzi, Mahona alimpa maneno aliyokuwa akiyafikiria. "Mayu, wewe unatafuta mbwa kama mtu anayetafuta kiatu bila kujua mguu wake. Kaka yangu Ndalahwa ana kambi ya ng'ombe upande wa Meatu. Nenda kwake. Yeye hatakuonyesha mbwa. Atakuuliza wewe."

Ikawa hivyo. Ndalahwa alikuwa mzee wa mbugani, masikio yametobolewa, hana haraka na dunia. Alimkalisha Mektilda juu ya kigoda, akampa maziwa mgando, akaanza.

"Unaamka saa ngapi?"

"Kabla ya jogoo."

"Unarudi lini toka shamba?"

"Njaa ikinirudisha."

"Nyama mnakula?"

"Krismasi. Na akifa mbuzi."

"Nani anabaki nyumbani?"

"Mbuzi tu."

"Wanalala wapi?"

"Zizini, nyuma ya nyumba."

Ndalahwa alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayepima ngozi. Kisha akapiga mbinja kuelekea zizi la mbuzi. Katikati ya migongo ya mbuzi kikainuka kichwa ambacho hakikuwa cha mbuzi. Alikuwa mbwa wa rangi ya vumbi, si mkubwa, mkia umejikunja, sikio moja limechanika. Alimtazama mgeni, akaona hana fimbo, akalala tena.

"Hawa tunawatia zizini kabla hawajafumbua macho," alisema Ndalahwa. "Tunawanyonyesha kwa mbuzi, pamoja na wana-mbuzi. Anakua anajua hao ndio ndugu zake. Ugali anakula, makoko ya chungu anakula. Hachoki jua, amezaliwa humo."

"Nikiondoka hataondoka?"

"Mtupie nyama nje ya zizi. Hatoki mpaka mbuzi watoke."

"Jina lake?"

"Hana. Ukimpa jina ataanza kufuata watu."

Mektilda alisikia alichotaka kusikia. Hawi na bwana, hali nyama, hatoki. Walikubaliana kwa gunia la mashudu, maana ng'ombe wa Ndalahwa walikuwa wamekonda kwa kiangazi, na Mektilda akarudi na yule mbwa pamoja na mbuzi jike aliyemnyonyesha, kwa maana bila huyo asingekanyaga njia.

Ndalahwa hakumdanganya. Ila kwa mtu wa kambi, mali ni mifugo, na nyumba ni majani ya kukinga mvua, ukihama unayaacha. Haikumjia akilini kwamba yupo mtu anayetaka mbwa wa kulinda sufuria.

Jumapili ya tatu Mektilda alitoka kanisani akakuta mlango wake umeegemezwa ukutani. Sufuria hazipo. Koleo jipya halipo. Redio ya Machibya, ambayo haikuwa na betri tangu msiba, nayo imeondoka. Alizunguka nyuma. Mbwa alikuwa amelala zizini kati ya mbuzi wote, salama, hakuna aliyeguswa. Alimtazama Mektilda kwa jicho moja, kama mtumishi aliyefanya kazi yake na hana la kuulizwa.

Upande wa kushoto, Elizabeti alikuwa akihangaika kuzuia kicheko. "Kuku," alisema hatimaye, "huyo aliyekuja kuiba alipita karibu na zizi kabisa. Nilimwona mbwa akimtazama. Nilidhani wanafahamiana."

Mektilda alisimama pale kitambo, kitabu chake cha nyimbo bado mkononi. Mtu mwingine angempeleka mbwa yule kambini siku hiyo hiyo. Mtu mwingine, pengine, angechoka na kwenda kupiga magoti, maana kila jambo alilojaribu lilimgeukia kuwa mzaha, na kitongoji kizima kilikuwa kikingoja hilo. Yeye aliweka kitabu juu ya paa la banda la kuku. Akavua viatu vya kanisani. Akaanza kung'oa miti ya zizi.

Aling'oa mpaka jua likageuka. Miti ile aliihamishia mbele, akazungusha miiba kuanzia pembe hii ya nyumba hadi pembe ile, akafanya kwamba mtu akitaka kufika mlangoni ni lazima apite katikati ya mbuzi. Wana-mbuzi aliwaingiza sebuleni. Kitanda chake alikisogeza penye dirisha, vichwa vya mbuzi vikiwa nje sawasawa na mto wake.

Mbwa alitazama kazi yote hiyo akiwa amesimama. Zizi lilipokwisha alilizunguka akinusa. Akanusa miiba, akanusa mlango, akanusa kitanda, akanusa nyayo za Mektilda zenye samadi. Halafu akalala kwenye kizingiti.

"Haya," alimwambia Mektilda. "Kama hulindi watu, mimi nimekuwa mbuzi."

Maneno hayo yalisikika, na kesho yake njia yote ya kisimani ilikuwa na neno moja, Mektilda amekuwa mbuzi. Kanisani watu walisogea kidogo kwenye benchi kwa ajili ya harufu. Mke mkubwa wa Ngassa alipita langoni akalia kama beberu. Mektilda alikuwa anakamua. Hakuinua hata kichwa. "Mwangaluka, wewe ambaye hatutakuwa wake wenza," alisema, kwa sauti ile ile.

Ngassa alihesabu kwamba sasa wakati umeiva. Mwanamke aliyefikia kulala na mbuzi, alisema, amekwisha kuvunjika, anahitaji tu kusukumwa. Na alijua wa kuanza nao. Mbuzi wakiondoka, mwanamke atawafuata, maana ndio maziwa yake na ndio akiba yake. Akija kwao atakuwa amekuja mwenyewe, na bonde halitakuwa na wa kulitetea.

Alikuja mchana, wakati wanaume wengi walikuwa mashambani karibu, na vijana wawili wa ukoo wenye kamba. Mektilda alikuwa amekaa kizingitini akimenya viazi. Mbwa alikuwa amelala, mbuzi mmoja akiwa ameweka kidevu juu ya mgongo wake.

"Shemeji," alisema Ngassa, kwa kuwa ni yeye aliyeruhusiwa kusema naye, "tumekuja kukusaidia kuhama."

"Mwadila, Ngassa," alisema Mektilda, kwa salamu ya mchana. "Umekuja na kamba, sasa unamfunga nani, mimi au nyumba?"

"Tutaanza na mbuzi."

"Hao hawajaniambia kama wanahama."

"Mektilda. Nani atakuja hapa ukipiga kelele?"

"Sipigi," alisema Mektilda, akachukua kiazi kingine. "Niliwahi kupiga. Mlikuwa mnakula."

Vijana waliingia zizini. Mbwa hakubweka. Aliinuka, akajinyoosha, akaja kusimama kati yao na mbuzi, kichwa chini, na nywele za mgongo wake zikapanda polepole kama nyasi mvua ikianza. Kijana mmoja alikuwa amekulia machungani. Aliziona nywele zile, akarudi nyuma hadi kwenye miiba. "Baba," alimwambia Ngassa, "huyu ni wa zizini. Huyu hatishwi."

"Mzuie mbwa wako," alisema Ngassa.

"Si wangu. Ni wa mbuzi. Waombe mbuzi wamzuie."

Ngassa alikuwa ameshachekwa mara moja mbele ya watu, na sasa aliona vijana wawili wakizuia tabasamu. Akavuka miiba mwenyewe. Akamshika pembe yule mbuzi jike wa Meatu, mama yake mbwa kwa kunyonya, akamvuta. Mbuzi akalia.

Mbwa hakumrukia kooni kama wanavyosimulia siku hizi. Alimkamata mkono, juu kidogo ya kifundo, akaushika. Hakuutafuna wala hakuuachia. Alisimama nao mdomoni akimtazama, na kadiri Ngassa alivyovuta ndivyo meno yalivyozama. Vijana walitoka nje ya uzio. Kofia ya pama ilianguka, mwana-mbuzi mmoja akaanza kuitafuna ukingo.

Hapo Ngassa akapiga mwano.

Ulikuwa mwano wa kweli, wa mtu anayekufa. Ulitoka ndani ya uzio wa Mektilda, lakini sauti ilikuwa ya mwanamume, ya mtu wao, na miguu haingojei kikao. Majembe yalitupwa. Watu walikuja kutoka kila upande na pinde, na mikuki, na mmoja na mwiko. Waliingia kwa lango na kwa penye minyaa hafifu, wakajaa uwanja ambao hakuna aliyeukanyaga tangu hukumu. Mayala alikuwa mbele.

Alichokiona kilikuwa kitu rahisi. Watu wenye kamba. Mwanamke ameketi kizingitini na viazi vyake. Na mtu ndani ya zizi lisilo lake, mkono wake mmoja mdomoni mwa mbwa na mwingine bado umeshika pembe ya mbuzi wa mwenzake.

Kijana mmoja alivuta upinde. "Shusha," alisema Mayala. Wote pale walikuwa wafugaji, na hakuna mfugaji anayempiga mbwa aliyesimama mahali pake.

Mayala alimtazama Ngassa, akamtazama mbuzi, akaona hana wa kumuuliza isipokuwa mmoja. Alimgeukia Mektilda, akafungua mdomo, akaufunga. Amri ilikuwa yake.

Mektilda aliweka kisu chini. Hakusimama. "Unataka kuniuliza kilichotokea," alisema. "Nitakueleza. Lakini mimi ni mtu, siulizwi kama minyaa. Nisalimie kwanza."

"Mayala," alilia Ngassa, "mkono wangu."

"Mkono uko mahali ulipoupeleka," alisema Mektilda. "Mimi sina haraka. Mbwa naye hana."

Mayala alisimama na upinde wake, na watu wakamtazama. Alikuwa na njia ya kuondoka. Angeweza kugeuka tu, na nusu yao wangemfuata. Pengine ni mkono wa koti la Ngassa uliokuwa ukichanika, pengine ni mbuzi aliyekuwa akilia, pengine ni kwamba alikuwa mtu wa haki kuliko hukumu yake. Alichutama kidogo, kama inavyompasa mtu anayemwamkia mwanamke aliyekuwa rika la dada yake mkubwa.

"Mwadila, mayu," alisema.

"Mwadila, Mayala. Za nyumbani?"

"Nzuri, mayu."

"Watoto?"

"Wazima."

Mektilda alimpitisha hivyo salamu zote, hadi ng'ombe, hadi mvua, bila kuruka moja, na Ngassa akiwa mdomoni mwa mbwa. Kisha Mektilda akasimama, akaingia zizini, akaupangua mkono wa shemeji yake kutoka kwenye pembe, kidole kwa kidole. Pembe ilipokuwa huru, mbwa aliachia mkono, akaenda kumnusa mbuzi.

"Mbuzi hawa ni wa nani?" Mayala aliuliza, kwa watu wote.

"Wa Mektilda," alisema Elizabeti. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu anasema bila kuku.

Ngassa alifungwa mkono kwa khanga moja ya Mektilda, ambayo hakuirudisha. Mayala hakutangaza lolote siku ile. Hakuhitaji. Mtemi alikwisha salimia, na asubuhi iliyofuata sauti ya nyuma ya minyaa ilipoita majina, waliitikia, wa kwanza kwa aibu, wa mwisho kwa kawaida. Mektilda hakuwashukuru. Alipofikiwa na maneno kwamba sasa amesamehewa, alimwambia aliyeyaleta kwamba amekosea nyumba, hapa hakuna aliyeomba msamaha. Bonde alilima. Pamba aliuza kwa mkono wake, kwa gari lililompendeza, mwaka baada ya mwaka, bei ikipanda na ikishuka.

Mbwa yule alizeeka zizini na kufia humo. Waliomfuata wote walitiwa kati ya mbuzi kabla hawajafumbua macho, na hakuna aliyepewa jina. Watu walipokuja kuomba mtoto wa mbwa, Mektilda aliwakalisha na kuwauliza wanaamka saa ngapi na nani anabaki nyumbani, na wengi walirudi bila mbwa. Januarius, ambaye kinu chao kilifungwa baadaye, alikuja akaondoka na mmoja.

Alikaa katika nyumba ile mpaka macho yake yalipoanza kufifia. Hakuna aliyemhamisha. Alimwita mwenyewe bintiye, akachagua siku, akawauzia majirani mbuzi aliotaka kuwauzia, na bonde akalikodisha kwa jina lake kwa watu wasio wa ukoo wa Ngassa.

Sasa anaishi Malampaka kwa Klementina, katika chumba cha uani nyuma ya stesheni ya reli, na ana mbuzi wanne.